Nani aliokota korosho hapa mwaka jana?

Kabla sijawa dalali wa nyumba na viwanja hapa Mtwara mjini, nilikuwa karani wa mizani. Misimu 11, chama cha msingi kimoja, huko Tandahimba. Ukiitazama kwa mbali ni kazi ndogo: mkulima anashusha gunia, unasoma namba, unaandika, unamkatia stakabadhi, anapita. Ukikaa nayo inakufundisha kutazama mikono kuliko midomo. Yuko anayelowesha korosho usiku ziongeze uzito, yuko anayetia mchanga chini ya gunia, na yuko anayeegemeza goti kwenye mizani huku anakuuliza habari za watoto. Nilidhani ujuzi huo hauna kazi nje ya ghala. Kumbe ndio mtaji niliokuja nao mjini, na siku niliyousahau nililipa.

Niliondoka baada ya msimu wa 2018. Watu wa Kusini wanaukumbuka. Minada ilikwama, wakulima wakakataa bei za wanunuzi, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja kubeba. Mimi kilichonibaki kichwani ni foleni za watu waliokuja kuhakikiwa, mzee mwenye magunia manne anaulizwa mashamba yake yako wapi ili ijulikane kama si mtu wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho za watu wenye shida kwa bakuli, nje ya mfumo. Posho yetu makarani tuliambiwa inakuja. Ikawa inakuja mpaka Ramadhani. Nilikuwa na miaka 36, watoto wawili, na mume fundi seremala ambaye wateja wake nao walikuwa wanasubiri hela hizo hizo za korosho. Nilikuwa nimeshamwambia mwezi wa pili: msimu ujao sisimami pale.

Machi 2019 nikashuka mjini kwa dada yangu, Magomeni. Udalali sikuuwaza. Binti wa kaka yangu alikuwa anasoma chuo cha Stella Maris, akataka kuhama chumba, nikamzungukia siku mbili Magomeni na Chuno mpaka nikapata. Mama mwenye nyumba akanishikisha elfu 20, akasema hiyo ya soda, na kama kuna wengine niwalete. Mwezi haukuisha nikawa nimepangisha vyumba vitatu. Nikajiona nimeiva. Nikasema kumbe kazi yenyewe ni kutembea.

Nilikuwa na akiba ya shilingi 1,850,000, na nitasema ilivyokwenda kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii wanataka kujua hapo. Simu yenye kamera nzuri laki 3 na elfu 20. Fremu ndogo ya ofisi, elfu 60 kwa mwezi, nililipia mitatu. Bango la nje elfu 90. Leseni na mambo yake karibu laki moja. Bodaboda na vocha kama elfu 5 kila siku niliyotoka. Chakula nilichokuwa nachangia kwa dada, laki na nusu kwa mwezi. Mapato: Aprili elfu 60, Mei elfu 35, Juni sikupata hata mia. Mwisho wa Juni nilikuwa nimebakiwa na laki 4 na kidogo, na fremu niliyokuwa nakaa peke yangu nikihesabu bajaji zinazopita. Fremu ndiyo inayoniuma mpaka leo. Anayetafuta nyumba hafuati fremu, anapiga simu, na aliyempa namba yako ni jirani yake au mwenzake wa kazini.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kalenda. Mtu niliyeishi kwa korosho miaka yote hiyo sikujiuliza hela ya mji huu inatoka wapi. Viwanja hapa vinanunuliwa Novemba mpaka Januari, minada ikishalipa. Nyumba za kupanga zinachangamka Julai na Agosti watumishi wanapohamishwa, halafu tena vyuo vinapofunguliwa. Kuanzia Februari mpaka Juni mji unalala. Mimi nilianza Machi! Ukitaka kuingia kazi hii huku kwetu, ingia Julai, na uje na chakula cha miezi sita pembeni ambacho hukigusi kwa ajili ya bango wala kiti cha kuzunguka.

Miezi hiyo ya njaa ndiyo pia miezi ambayo watu wanauza kwa bei ya kutupa. Mwenye shida ya ada au ya hospitali anakubali nusu ya thamani, na wapo wanunuzi wanaojua hivyo, wanakuja Machi kama tai. Ni kangomba ile ile, isipokuwa bakuli limekuwa kiwanja. Kama nimekuwa sehemu yake? Ndiyo, mara mbili, na kamisheni nilipokea.

Kuhusu madalali wenzangu nitasema kidogo tu, maana bado tunasalimiana. Kijiwe ndicho kinachoshika funguo. Usipokaa nao huoni nyumba, na ukikaa nao utafundishwa cha juu. Mwenye nyumba anataka laki 2 na nusu, dalali wa kwanza anasema 280, wa pili anasema 300, mpangaji anafika amechoka na hajui analipa matumbo ya watu wangapi. Na mimi nilifanya. Mfanyakazi mmoja wa benki niliyempangisha Shangani alikuja kuongea na mwenye nyumba siku ya kuvuta maji, wakalinganisha hesabu, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa benki ile aliyewahi kunipigia. Niliacha. Sasa nasema mapema, mbele ya wote wawili: changu ni kodi ya mwezi mmoja, na bei ni ile aliyosema mwenye nyumba.

Kuna kuzungukwa pia. Unampeleka mteja mchana, yeye anarudi usiku peke yake, asubuhi mwenye nyumba anakwambia huyo wala hakuletwa na wewe. Dawa niliyoipata ni ndogo: kabla hatujatoka namtumia mwenye nyumba ujumbe, "Namleta fulani saa tisa." Ujumbe una tarehe, haubishani.

Na kwa wanawake wenzangu: usiende kuonyesha nyumba tupu na mwanaume usiyemjua bila mtu. Bodaboda wangu ni mmoja tangu 2019, ananisubiri mlangoni injini ikiwa inawaka, na hela ya kunisubiri naiweka kwenye gharama kama vocha. Sitaeleza kilichonifanya niamue hivyo.

Sasa la Naliendele.

Februari 2020 alinijia mwanaume wa umri wangu ana shamba la ekari moja na nusu upande wa Naliendele. Mikorosho 27, mikubwa, kivuli chake unaweza kulala. Alikuwa na haraka, mtoto anatakiwa shule ya bweni. Alikuwa na karatasi, maandishi ya 2009 kwamba amerithishwa na mama yake, sahihi za watu watatu, muhuri wa mwenyekiti. Nikaona muhuri, moyo ukatulia. Mnunuzi nilikuwa naye: muuguzi anayefanya kazi Dar es Salaam, mzaliwa wa Masasi, aliyekuwa anatafuta mahali pa kujenga taratibu akisubiri kustaafu. Bei milioni 6 na nusu. Akaja Jumamosi, akalizunguka, akaipenda mikorosho kuliko udongo wenyewe, akasema angalau italipa palizi. Jumatatu tukaandikishana ofisi ya mtaa, usiku akapanda basi. Kamisheni yangu asilimia 10, laki 6 na nusu. Hela kama hiyo kwa wiki moja sikuwahi kuishika. Nilinunua friji.

Juni muuguzi akanipigia. Kijana aliyemtuma kufyeka amemkuta mtu anapuliza salfa. "Dada, ni wewe umemtuma?" Nikamwambia labda jirani mwema. Nikapanda bodaboda. Nikamkuta mzee ana mashine mgongoni, kitambaa usoni, vumbi la njano limetanda kwenye matawi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza kwa upole anapuliza kwa niaba ya nani. Akazima mashine, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Yule muuzaji alikuwa ameiweka mikorosho rehani mwaka 2018, laki 9, misimu minne. Imekwisha miwili, bado miwili. Mashahidi watatu, mmoja wao nilimfahamu. "Mambo ya ardhi siyajui," mzee akasema. "Mimi nina mikorosho."

Nilikaa chini pale pale. Rehani ya mikorosho nimeiona maisha yangu yote. Nimepokea magunia ya watu waliokuwa wanavuna miti ya wenzao, nimeandika majina ya mwenye mti na majina ya mwenye mzigo. Najua kabisa kwamba kwetu mti na udongo unaosimamia vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, na wote wawili wakawa na haki. Sikuuliza. Niliuliza "una karatasi?" kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana.

Hilo lilikuwa dogo. Wiki mbili baadaye mzee huyo huyo akanipeleka kwa bibi mmoja, mama mkubwa wa muuzaji. Alikuwa anamenya mihogo. Akanitandikia mkeka, akanipa maji, akaniacha ninywe mpaka nimalize. Ndipo akasema: "Shamba lile alilipanda mama yetu. Tulikuwa watatu, tumbo moja. Huyo uliyemlipa ni mtoto wa mdogo wangu. Ana sehemu, hana shamba."

Kwa mila za Wamakonde mali ya namna hiyo hufuata upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba alikuwepo, hai, mvuvi wa Mikindani, dakika 20 kwa bodaboda. Hakuna aliyemuuliza. Wale watu watatu wa sahihi walikuwa marafiki wa muuzaji. Muhuri ulikuwa halali, mwenyekiti wa wakati ule aligonga alichoambiwa. Watu wananibishia kwamba mila haina nguvu siku hizi, wengine wananiambia ni Waislamu na mirathi inakwenda kwa sharia. Wabishane. Uwe unakwenda kwa mila, kwa sharia au kwa mahakama, mtoto mmoja hawezi kuuza peke yake cha marehemu ambacho hakijagawanywa. Angepaswa kuwepo msimamizi wa mirathi mwenye hati ya Mahakama ya Mwanzo, na mimi ningepaswa kuiomba hati hiyo kabla sijaomba namba ya mnunuzi.

Hela muuzaji alishaitumia. Sehemu ilikwenda bweni kweli, sehemu ikawa pikipiki. Tulikaa Baraza la Kata mara tatu. Wazee walikuwa waungwana kuliko tulivyostahili: ukoo ukakubali muuguzi apewe nusu ekari upande wa barabara, pasipo na mikorosho, mjomba na akina mama wote wakatia sahihi, na muuzaji akaandikiwa kurudisha milioni 3. Mpaka leo amerudisha milioni moja na laki 2. Mimi nilirudisha kamisheni yote. Friji niliyoinunua laki 5 na elfu 20 niliiuza laki 3 na elfu 80, iliyobaki nikakopa kikoba. Muuguzi hakunitukana. Angenitukana ningelala.

Nilikaa wiki tano sipokei simu ya mteja. Nikarudi Tandahimba, nikamweleza mume wangu yote, na muhuri nikautaja kama mara nne. Alikuwa anapiga randa. Akaniacha nimalize, akauliza: "Ulipokuwa kwenye mizani, gunia likija na muhuri, ulikuwa hulipimi?"

Basi nikarudi kupima. Swali langu la kwanza sasa, kabla ya bei na kabla ya karatasi, ni: nani aliokota korosho hapa mwaka jana? Namuuliza muuzaji. Nikitoka hapo nawauliza majirani wa mipaka, mmoja mmoja, kila mtu kwake, siku nyingine. Nikikutana na mtoto anapita na ndoo namuuliza pia, watoto hawajui kupanga maneno. Majibu yakilingana ndipo natoa daftari. Pasipo na miti swali linabadilika nguo tu. Kwenye nyumba nauliza nani analala chumba cha uani, na umeme ananunua nani. Mara moja chumba cha uani kilikuwa na mke wa kwanza. Mume alikuwa ameshaniambia hana mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na nimeona mauzo yakivunjika mwaka mzima baada ya watu kulipana, kwa hiyo siku hizi nataka mke au mume aje mwenyewe aseme kwa mdomo wake, wakili akiandika.

Baada ya watu ndipo karatasi. Kiwanja chenye hati kinafanyiwa upekuzi kwa Msajili wa Hati. Unalipia, unajibiwa jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio linaonekana. Usikubali nakala ya hati iliyotiwa plastiki halafu ukaridhika kwa kuwa inang'aa. Kisichopimwa, nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa uombe kuonyeshwa eneo lile kwenye mchoro. Nilikuwa na mteja wa Mangamba, fundi magari, ametoa kishika uchumba cha laki 5 kwa kiwanja kizuri cha tambarare. Kwenye mchoro palikuwa shule ya msingi. Kishika uchumba alikipata baada ya miezi minne na magomvi. Nje ya manispaa, ardhi ya kijiji ina sheria yake, Namba 5 ya 1999, na hapo halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Mwenyekiti peke yake chini ya mwembe si halmashauri ya kijiji.

Na hatua. Huku viwanja vingi vinauzwa "hatua 20 kwa 20". Hatua za nani? Muuzaji akiwa mrefu anatembea kwa hatua fupi kama anakwenda msikitini na kanzu mpya, mnunuzi naye anarusha miguu kama anavuka mto. Nimewahi kuona hatua 20 zikawa mita 13. Nina futikamba ya mita 50 kwenye mkoba, nilinunua elfu 25, hakuna kifaa kilichonilipa zaidi, na bado muuzaji akiiona uso unabadilika, kama wale wa magunia.

Watu wa Dar es Salaam wanapenda kupigia simu viwanja vya ufukweni, Msanga Mkuu na Mikindani. Ni kweli pazuri. Lakini Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na kile kipande wanachokitaka, pale ambapo miguu inagusa maji, ndicho hicho. Nilipoteza mteja mmoja kwa kumwambia hivyo. Alimpata dalali mwingine. Ukuta aliojenga nimeuona ukiwa na alama nyekundu ya X.

Ukiuza chenye hati, jiandae na kodi. Mwalimu mmoja mstaafu aliuza nyumba yake Chikongola mwaka 2021 akapanga kila shilingi: kisima, mbuzi, bati za nyumba ya kijijini. Sikumwambia mapema kwamba uhamisho unapitia mthamini, kwamba kuna kodi ya ongezeko la mtaji, wakati ule asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu asilimia moja juu. Wakagombana na mnunuzi nani alipe nini. Walipatana, ila mbuzi hawakununuliwa. Tangu hapo nani analipa nini kinaandikwa kwenye mkataba wa mauziano, na kanuni zinavyobadilika naulizia upya TRA kila mwaka badala ya kukariri.

Sasa gesi asilia, maana kila mgeni anaiuliza. Enzi za 2012 na 2013 mimi nilikuwa Tandahimba na mizani yangu, lakini kijiweni hawajaacha kusimulia: nyumba za Shangani zikitajiwa bei kwa dola, wenye nyumba wakiwafukuza wapangaji wa miaka ili waweke vigae na viyoyozi. Bomba likajengwa likaenda Dar es Salaam, vigae vikabaki vinasubiri. Kisha ikawa habari ya kiwanda cha kusindika gesi cha Likong'o, Lindi. Juni 2022 serikali iliposaini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell, simu yangu iliita siku tatu mfululizo, watu wanataka ekari kumi kumi Lindi bila hata kuuliza maji yako wapi. Jibu langu kwa wote ni moja: kama ungejenga pale hata gesi isipokuja, nunua. Sijawahi kupata mpangaji kutokana na habari ya gesi. Nimewapata wa kiwanda cha saruji cha Msijute, manesi, walimu, madereva wa malori ya korosho na wanafunzi, na hao wanalipa elfu 40, elfu 60, laki na nusu.

Mapato ya sasa? Mwaka jana nilipangisha mara 38 na kuuza viwanja saba. Nikigawanya kwa miezi 12, baada ya bodaboda, vocha, leseni na kodi, inakuja kama laki 5 na elfu 40 kwa mwezi. Lakini ugawanyo huo unadanganya, kwa sababu Machi nilipata elfu 70 na Desemba milioni 2 na laki 3. Asiyejua kuweka ya Desemba mpaka Machi arudi alikotoka, kazi hii itamla. Kinachonishikilia kweli ni nyumba tisa ninazosimamia kwa niaba ya wenyewe walioko Dar es Salaam na mmoja Arusha. Nakusanya kodi, naita fundi bomba, nagombana na mpangaji anayefuga kuku sebuleni, nabaki na asilimia 10. Hakuna anayesifia kazi hiyo kijiweni, lakini uji wa watoto unatoka humo. Ningeianza mapema kama si ule ulevi wa kamisheni kubwa.

Mume wangu alihamia mjini 2022. Anatengeneza milango ya nyumba ninazosimamia, na wenye nyumba wanadhani nawapendelea kwa bei yake. Ni kweli nawapendelea.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinipeleka Mtawanya. Kashamba kazuri, robo tatu ekari, mikorosho 12, barabara inapita ubavuni. Mnunuzi nilikuwa naye, hela yake iko benki, na ulikuwa mwezi ule mkavu ambao hata vocha unaihesabu. Kijana akaanza na bei. Nikamwambia bei iache, nani aliokota korosho hapa mwaka jana?

Akatazama miti, akatazama viatu vyake.

"Aliokota mama mdogo."

"Basi nipeleke kwa mama mdogo."

Akaniambia yuko dalali mwingine ambaye haulizi maswali kama haya. Nikamjibu namfahamu, na nikampa namba yake, maana kweli ninayo. Bodaboda wangu akawasha. Kijana akaokota kijiti, akakivunja mara mbili, akatupa.

"Dada Mizani, haya, twende. Ila bei usimtajie wewe."